Wapenda ndege wa Arusha na Moshi: msisubiri bwawa lijae, nendeni tope likianza kuonekana

#1 Chalii wa Kisongo (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi huu ni kwa wanaopenda kuangalia ndege na wako huku kaskazini, Arusha mjini, Usa, Monduli, Moshi na vijiji vyake. Naona kila mtu akitaka kuona ndege anawaza hifadhi tu, Manyara, Ngorongoro, Momela, na ukipiga hesabu ya kiingilio na gari la kukodi kwa familia unaahirisha mpaka mwaka unaisha. Wakati huo huo nje ya mji tuna malambo tele hayana geti, na ndege wake ni balaa.

Nazungumzia yale mabwawa ya udongo yaliyochimbwa kwa ajili ya mifugo. Tuta upande mmoja, utoro pembeni wa kupitishia maji yakizidi, na mengine yana mbauti chini yake za kunyweshea. Ukitoka Arusha kwenda Makuyuni lile la Nanja ndio linajulikana zaidi kwa sababu liko jirani na lami, hata madereva wa watalii wanasimama pale. Ila yapo mengine ndani ndani huko Monduli ambayo unafika kwa boda na kuulizia wenyeji. Uwanda wenyewe uko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, mwezi wa saba asubuhi upepo unakata masikio, vaeni makoti.

Sasa kilichonifanya nianzishe uzi ni hiki. Watu wanaenda bwawani wakati sio. Masika inaisha, bwawa limejaa mpaka utoro unatiririka, linapendeza kweli, mtu anapanda juu ya tuta anapiga picha, anaangaza anaona bata bukini wawili na yangeyange, anarudi mjini anasema pale hamna kitu. Jamani bwawa likijaa ndege wanatawanyika. Kila dimbwi lina maji, kila mfereji, kila shimo lililochimbwa kifusi cha barabara, bata ana pa kwenda popote anapotaka, na kwenye bwawa lenyewe maji yamepanda mpaka kwenye majani, ndege wa miguu mifupi hana hata pa kukanyaga.

Subiri mwezi wa tisa, wa kumi, mpaka vuli inakaribia. Madimbwi yameisha yote, bwawa limerudi nyuma na kuacha ukingo mpana wa tope laini, na chakula kimo humo humo topeni, funza wa wadudu, minyoo, konokono wadogo, na samaki waliokuwa wamesambaa bwawa zima sasa wamebanana kwenye maji ya magotini. Na ndio wakati ule ule ndege wanaotoka Ulaya na Siberia wanashuka huku kukimbia baridi ya kwao, wengine wanaanza kuingia tangu mwezi wa nane. Yani meza inaandaliwa wageni wakiwa wanapiga hodi.

Alafu mahali pa kusimama. Wengi wanaganda kwenye tuta kwa sababu ndipo njia inapofikia, ila tuta ndio upande wa kina kirefu, hapo utapata mnandi wanaanika mabawa juu ya miti mikavu, vibisi wanazama na kuibuka, kukuziwa weusi wenye paji jeupe, na ndio basi. Zunguka uende mkiani, kule mto unakoingilia, ambako maji ni ya kukanyaga. Ukae chini, usisimame wima, ndege wanamwogopa mtu aliyesimama kuliko aliyekaa, na jua liwe mgongoni mwako, ukiangalia kuelekea jua kila ndege ni mweusi.

Ukitulia hapo utaona wamejipanga wenyewe kwa urefu wa miguu. Wale wadogo kabisa hawaingii majini, wanakimbia juu ya tope bichi wanadonoa donoa bila kupumzika. Wanaofuata wameloa vifundo tu. Halafu yule mweusi na mweupe mwenye miguu mirefu ya pinki kama ameazima, anaokota wadudu juu ya maji taratibu. Mbele zaidi domomwiko kazamisha mdomo wake bapa anaufyeka kushoto kulia, kushoto kulia, haangalii kabisa anachotafuta maana mdomo wenyewe ndio unaopapasa. Na korongo wakubwa wamesimama kwenye maji ya mapajani. Hakuna anayemgombeza mwenzie, kila mmoja ana kina chake. Maji yakishuka kidogo tu wote wanahama kwa pamoja kufuata ukingo, kwaiyo ukirudi wiki ya pili bwawa ni lile lile ila sehemu ya ndege imehama.

Kingine ambacho hifadhini watu wanakipita kwa gari bila kukiona ni firigogo. Hawa sio ndege wa majini, wanaishi nyikani kwenye ukame, wana rangi ya udongo, ila wanakula mbegu kavu kwaiyo lazima wanywe. Asubuhi jua likishapanda kidogo utasikia sauti zao angani kabla hujawaona, wanakuja kwa makundi, wanazunguka bwawa mara kadhaa kuhakikisha hakuna adui, wanatua mbali kidogo na maji, wanatembea mpaka ukingoni, wanakunywa haraka haraka na kuondoka. Ukiwa na darubini mwangalie dume wakati wa kulea vifaranga. Hanywi tu, anaingia majini analowesha manyoya ya tumboni, anajitikisa tikisa mpaka yanyonye maji, ndio anaruka kurudi kwa vifaranga na wao wanakunywa kwenye manyoya yake. Manyoya yale yameumbwa kushika maji. Mi hii kitu nikiiona siondoki hapo hata jua liwake vipi.

Darubini: zinaandikwa namba mbili, mfano 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi inavuta, ya pili ni upana wa lensi ya mbele kwa milimita. Kwa anayeanza chukua 8x42 au 8x40, msidanganyike na zile ndogo zilizoandikwa namba kubwa kubwa, ikivuta sana mkono ukitetemeka kidogo picha nzima inacheza na asubuhi ni giza tupu. Kwa bwawa pana teleskopu ya miguu mitatu ni bora zaidi lakini bei yake ni nyingine, changieni watu kadhaa.

Muda ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa tatu hivi. Kuanzia saa nne tano ng'ombe wanaingia na hapo bwawa ni lao. Jioni kuanzia saa kumi na moja panachangamka tena ila upande wa Makuyuni msichelewe kuondoka, tembo wanapita.

Karibuni tujadili, wenye sehemu zenu mziseme.

#2 Mama Tengeru

Asante sana kaka kwa uzi, umeandika vizuri mpaka nimetamani. Mimi nina watoto watatu na Duluti ni hapa kwetu, huwa nawapeleka Jumapili. Mbona hao wa kwenye tope siwaoni Duluti? Maji yapo mwaka mzima.

#3 Chalii wa Kisongo (mleta uzi)

Mama yangu swali zuri sana. Duluti ni ziwa la kreta, ule ni mdomo wa volkano ya zamani, kingo zake zinashuka ghafla na msitu umekuja mpaka kwenye maji. Maji yakipungua hayaachi tope pana kwaiyo wale wakimbiaji wa topeni hawana cha kufuata pale. Lakini usiache kwenda, Duluti ina wa kwake. Muangalieni tai mla samaki, yule wa kichwa cheupe, ukimsikia analia rudisha macho kwenye miti mirefu ya ukingoni. Mdiria yule mkubwa kuliko wote anakaa kwenye matawi yaliyoinamia maji, na kenge wanaota jua kwenye magogo, watoto watawapenda. Ile njia ya kuzunguka ziwa muende asubuhi kabla watu hawajawa wengi. Halafu siku moja uwalete lambo waone tofauti, wataelewa wenyewe kwanini.

#4 Mangi wa Kiboriloni

Naweka kambi hapa. Arusha mmejisahau kidogo, huku Moshi tuna bwawa kubwa kuliko hayo malambo yote mkiyaunganisha, Nyumba ya Mungu. Kwa wasiolijua lilijengwa miaka ya 1960, Kikuletwa inaleta maji ya Meru na Kilimanjaro, Ruvu inaleta ya kutoka Ziwa Jipe, zinakutana hapo, na maji yakitoka bwawani ndio mto Pangani unaoenda kuzungusha mitambo ya Hale na Pangani huko chini. Pale pale bwawani pia kuna mitambo ya megawati 8. Liko mpakani mwa Mwanga, Simanjiro na Moshi Vijijini.

Alichosema mleta uzi kuhusu maji kurudi nyuma huko ndio unakiona kwa ukubwa wake. Ardhi ni tambarare, maji yakishuka kidogo tu ukingo unarudi mbali sana na inabaki mbuga ya majani mafupi na tope. Mwari wanakaa kwa makundi, korongo wa kila aina, kwarara, bata. Tofauti ni kwamba huko sio juu, ni chini ya mita 700 na joto lake sio la Arusha, saa nne asubuhi mvuke unapanda kwenye maji na darubini haionyeshi kitu, kila ndege anacheza cheza. Kwaiyo mapema sana.

Ushauri wangu ukifika Lang'ata, kijiji cha wavuvi pale bwawani, usijiongoze mwenyewe. Tafuta mvuvi, ongea naye vizuri, mkubaliane bei ya mtumbwi, na umuulize kuhusu mamba kabla hujasogelea maji. Wavuvi wanajua ndege wanalala wapi kuliko mtu yeyote kwa sababu wanatoka usiku.

#5 Mkulima Mabogini

Wakuu na mimi niulize. Sisi wa skimu huku Lower Moshi ndege ni maadui, mpunga ukianza kutoa maziwa watoto wanaacha shule kuamia. Sasa nyie mnakuja na darubini kuwasifia. Faida yake nini kwa mtu kama mimi?

#6 Chalii wa Kisongo (mleta uzi)

Mkuu nakuelewa na sikulaumu, mpunga ni jasho lako. Ila tutofautishe. Anayekumaliza ni kwelea kwelea, yule mdogo wa mdomo mwekundu anayekuja kama wingu, na kiasi fulani wale wasuka viota. Korongo na yangeyange waliosimama kwenye majaruba yako hawagusi mpunga, wanakula panzi, vyura, konokono. Wale ni vibarua wako wa bure.

Na hapa kuna jambo linaniumiza. Kwelea wakizidi wanapuliziwa sumu kwenye malalo yao, na sumu ile haichagui, aliyelala mti mmoja nao anakufa, na mwewe au bundi akila kwelea aliyekufa anakufa na yeye. Najua mkulima hana njia nyingi, sisemi muache mpunga uliwe. Nasema mkiona ndege wamekufa ovyo baada ya kupulizia msiwale wala msiwape mbwa, na watoto wasiokote.

Kuhusu faida ya hela, wapo watalii wanaokuja nchi hii kwa ajili ya ndege tu, Tanzania ina aina zaidi ya 1,100, na wanataka kijana anayejua ndege wa hapo hapo kwa sauti na kwa jina. Waongoza watalii wa simba wamejaa, wa ndege hawatoshi. Lakini nisikufiche, mimi siendi bwawani kwa sababu ya hela. Naenda kwa sababu napenda kuwaona.

#7 Binti wa Lepurko

Nimesoma uzi wote nimekaa nikaona niandike. Mimi ni wa Lepurko, huko Monduli, nimekulia kwenye hayo malambo. Kaka umeandika mwezi wa tisa wa kumi ndio raha, tope likionekana. Kwetu tope likionekana ndio shida imeanza. Mama yangu anaamka saa kumi alfajiri na punda kufuata maji ya kupikia, na yale yaliyobaki bwawani ni rangi ya chai ya maziwa. Mwaka 2021 kwenda 2022 mmesahau? Mifugo ilikufa Longido, Simanjiro, huku kwetu, watu walikuwa wanamnyanyua ng'ombe kwa mikono asimame. Kwaiyo nyie mnasubiri lishuke, sisi tunaomba lisishuke.

Siwakatazi kuja. Wageni sisi hatufukuzi. Ila mkija msalimie kwanza, mzee akiwepo mpe shikamoo yake na mumueleze mmefuata nini, maana mtu akiona gari geni na darubini anadhani mmekuja kupima ardhi. Msikae kwenye njia ya ng'ombe. Watoto wanaochunga msiwapige picha bila kuuliza wakubwa wao. Na hizo drone msirushe kabisa, ng'ombe wakishtuka wanakimbilia katikati, akinasa kwenye tope anaenda mpaka mbavu, mnamvuta na kamba wanaume kumi na wengine wanavunjika miguu humo humo.

Alafu mnawatafuta wataalamu mjini wakati layoni, wavulana wetu wanaochunga, wanajua kila kiota. Kuna kindege kidogo kinataga kwenye tope lililokauka, hakijengi kitu, mayai yapo chini tu. Ukisogea kinayafukia kwa mchanga na miguu yake, haraka haraka, alafu ndio kinakimbia, na wewe ukifika unaona udongo mtupu. Mdogo wangu alikuwa ananionyesha, anasimamisha ng'ombe wapite pembeni.

#8 Chalii wa Kisongo (mleta uzi)

Dada yangu nashukuru sana kwa kuandika hivi, na kila ulichosema kuhusu adabu ya kufika nakiunga mkono, wakuu soma namba 7 kabla hujapanga safari.

Kuhusu tope nieleweke. Siombi bwawa likauke. Kushuka maji na kukauka ni vitu viwili. Bwawa likishuka kwa kawaida yake, ng'ombe wanakunywa na ndege wanakula mpaka vuli inaingia, wote wamepona. Likikauka kabisa, siku chache tope linapasuka, funza wanakufa, ndege nao wanaondoka wote, anabaki marabu na mizoga. Hilo hakuna mpenda ndege anayelitaka.

Na kinachoua malambo yetu ni kitu kimoja kwa pande zote mbili, ni udongo unaotiririka kutoka juu. Miinuko imelimwa mpaka kwenye kingo za mito, majani yameliwa yakaisha, mvua moja kubwa inaleta udongo wote bwawani, kila mwaka kina kinapungua, lambo lililokuwa linafika vuli sasa linaisha mwezi wa nane. Kufukua tope ni gharama na bila kulinda kule juu linajaa tena. Vijiji vinavyotenga sehemu ya juu isichungwe wala kulimwa, mi naona hao ndio wanaotusaidia sisi wa darubini kuliko chama chochote.

Na nimwambie mtu wa mjini kitu kingine, msiwaone ng'ombe kama wasumbufu wa ndege. Ng'ombe ndio wanaofanya majani ya ukingoni yawe mafupi. Lambo likizungushiwa uzio mifugo isiingie kabisa, magugu yanaota mpaka kichwani na wale wa topeni wanahama.

Huyo kindege wa mdogo wako namjua, kisayansi ni Anarhynchus pecuarius, vitabu vya zamani vinamwita Charadrius pecuarius, na hiyo tabia ya kufukia mayai ni yake kweli. Mchanga unaficha mayai na jua haliyachomi. Huyu sio mgeni, ni mwenyeji wetu. Mdogo wako akikubali na wazazi wakiruhusu, tukija tungependa atuongoze na alipwe kama mwongoza watalii mwingine yeyote.

#9 Binti wa Lepurko

Sawa kaka, nimekuelewa. Nitaongea na mzee nyumbani. Ila iwe wikiendi, siku za shule hapana.

#10 Mgeni Njiro

Wajuzi naomba msaada. Jumamosi nilipita lambo moja huko, nikaona kindege cha kahawia juu na cheupe chini, kiko peke yake, kinatembea kwenye mawe ya tuta huku kiuno kinacheza juu chini juu chini hakitulii. Nimeangalia kwenye kitabu wote wanafanana nimechoka.

#11 Chalii wa Kisongo (mleta uzi)

Kwa huo uchezaji wa kiuno na kuwa peke yake kwenye mawe, karibu na uhakika ni Actitis hypoleucos, kitwitwi mgeni wa kutoka Ulaya na Asia. Hakikisha hivi: angalia begani mbele ya bawa, weupe wa tumbo unapanda juu kama ulimi kati ya kifua cha kahawia na bawa. Akiruka haendi juu, anapita chini kabisa karibu na maji, mabawa yamekakamaa yanapiga kidogo kidogo, anateleza, anapiga tena.

Anayechanganywa naye ni Tringa glareola, ila huyo mgongo una madoa madoa meupe, miguu mirefu zaidi ya njano njano, ukimshtua anapaa juu huku anapiga filimbi ya haraka na kiuno kwa nyuma ni cheupe. Na yupo mwenyeji mdogo mwenye mistari miwili myeusi kifuani na pete nyekundu kuzunguka jicho, huyo ukimuona mara moja humsahau.

Ushauri kwa anayeanza: rangi iwe ya mwisho. Hawa wageni wakiwa huku wamevaa kahawia na kijivu wote, rangi zao za kuzalia wanazivaa kuanzia mwezi wa tatu wa nne wakijiandaa kurudi. Anza na umbo, urefu wa mdomo ukilinganisha na kichwa, urefu wa miguu, na anafanya nini. Anadonoa au anachoma mdomo topeni? Anakimbia na kusimama au anatembea mfululizo? Yule mdogo kuliko wote ambaye mara nyingi uzito wake haufiki gramu 30 amezaliwa huko Aktiki juu kabisa ya dunia na ameruka mwenyewe mpaka Monduli, mi kila nikimuona namheshimu.

#12 Mhitimu wa Mweka

Mkuu umemjibu vizuri. Niongeze kitu kuhusu kuhesabu, maana kuangalia bila kuandika ni kupoteza. Kila Januari ndege wa majini wanahesabiwa duniani kote, kazi inaratibiwa na shirika la Wetlands International, hesabu hiyo ilianza 1967 na kwa Afrika 1991. Mabwawa makubwa na maziwa yanapata watu wa kuhesabu, malambo madogo kama haya mara nyingi hakuna anayefika. Kwaiyo mtu mmoja wa Kisongo mwenye daftari anaweza kuwa ndiye pekee mwenye kumbukumbu ya lambo fulani.

Namna ya kuhesabu kundi kubwa: usihesabu mmoja mmoja wataruka kabla hujamaliza. Hesabu kumi kwa makini, uone kumi wanajaza nafasi gani, alafu pima kundi lote kwa nafasi hiyo. Likiwa kundi la maelfu anza na mia. Anza upande mmoja wa bwawa umalizie mwingine usirudi nyuma. Andika saa ya kuanza na ya kumaliza, hali ya maji, na kama mifugo ilikuwepo. Ukikuta bwawa limekauka hamna ndege hata mmoja andika pia, hiyo nayo ni taarifa. Mkirudi nyumbani ingizeni eBird, mtandao wa kuwekea kumbukumbu za ndege, ni bure, na kumbukumbu zinabaki hata simu ikiibiwa.

#13 Mangi wa Kiboriloni

Namba 12 umemaliza. Nyumba ya Mungu Januari mimi nipo, wa Moshi tuwasiliane hapa hapa tugawane kingo, peke yako huwezi kuimaliza.

#14 Mama Tengeru

Jamani basi tupangeni siku moja ya lambo. Na watoto wanaruhusiwa? Wabebe nini?

#15 Chalii wa Kisongo (mleta uzi)

Watoto waje mama, wana macho makali kuliko sisi. Tupange Jumamosi ya mwezi wa kumi mwanzoni, Binti wa Lepurko akishaongea na mzee atatuambia ipi inafaa. Tukutane Kisongo barabarani saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukodi Noah tuchangie. Wabebe maji ya kunywa ya kutosha maana ya kule sio ya kwetu, kofia, koti la asubuhi, viatu vya kufunga sio ndala, na nguo za rangi za udongo au kijani, nyeupe na nyekundu ziacheni nyumbani. Chakula tule baada ya kuondoka ukingoni na mifuko yote turudi nayo. Asiye na darubini aje tu, nina mbili tutapokezana, na Mhitimu wa Mweka kama una teleskopu useme mapema ili tuache nafasi kwenye gari.